Karatasi Iliyosema Nakuona

Jumatatu, 6 Mei

Wote wanaisimulia vibaya. Dereva anasema ni jini. Miwani, mpiga chapa wetu, anasema ni kirusi cha kompyuta. Wakili, mama mwenye ofisi, anasema ni wapinzani wake wa ile kesi ya kiwanja. Uongo mtupu! Ni mimi, mpika chai wao. Naandika hapa ili ukweli nao upate pa kulala.

Ilikuwa hivi. Ijumaa sukari yangu ilipungua tena. Kopo nalificha nyuma ya majani ya chai, na bado kuna mkono unalifikia. Wa nani? Wa Miwani. Nani mwingine? Chai anayokunywa yule, nyuki wanamwamkia. Saa ya chakula wote wakatoka, nikabaki mimi kulinda, kama kawaida. Mashine yake iko wazi, karatasi nyeupe, jina la ofisi limekaa juu. Nikakaa. Vidole kumi vyote vikacheza kama mvua juu ya bati. NAKUONA. ACHA. Herufi kubwa, nyeusi, za kutia homa. Mashine ikaniuliza kitu. Sikusoma. Nikabonyeza ndiyo. Mtu mwenye heshima zake akiulizwa hujibu ndiyo.

Kumbe ile haikuwa karatasi. Ilikuwa karatasi mama! Miwani aliifungua abadilishe namba ya simu ya ofisi, akaiacha wazi. Kila karatasi mpya inazaliwa na ile. Leo asubuhi kafungua barua mpya, NAKUONA, ACHA. Kafungua nyingine, vilevile. Akaruka na kiti chake. Dereva alikuja kuchapiwa ombi la likizo, akachungulia, akatoka bila kuchapiwa. Baadaye tukamkuta uani anarudisha tairi la akiba kwenye gari la ofisi. Hakuna aliyejua kama lilikuwa limetoka.

Wakili alipoona, alishika ukuta. Akasema aliyefanya hivi atajulikana, na Ijumaa ataondoka na viatu vyake mkononi. Ijumaa! Siku hiyohiyo atakayosema kama ananiongeza mwaka mmoja wa kazi au ninastaafu. Nikistaafu nakaa nyumbani. Na nyumbani kahamia mama mkwe, umri wake hata serikali haiujui, na bado anasikia mende akitembea. Keshaniwekea kigoda karibu na kiti chake. Na ungo wa mchele wa kuchambua.



Jumanne, 7 Mei

Nimepata akili usingizini. Programu ile ya kuandikia barua ni kuukuu. Ikitolewa, ikaletwa mpya, dhambi yangu inaondoka nayo. Nikamwambia Wakili kwa upole, nikiwa nimeshika trei, kwamba mimi mtu wa kale naona vitu vya kale vinatuangusha. Akaniangalia muda mrefu. Kwa nini aliniangalia muda mrefu? Lakini fundi akaitwa.

Fundi wa kompyuta ni mwanamke mpole, ana sauti ya nesi kabla ya sindano. Kaondoa toleo la zamani mbele ya macho yangu. Kaweka jipya, linang'aa, vitufe rangi tele. Nikajipongeza kimoyomoyo. Nikamkaribisha Miwani mwenyewe, nikamvutia na kiti, nikamwambia fungua binti, usiogope, babu yako nipo.

Akafungua.

NAKUONA. ACHA.

Trei ilinitoka. Vikombe viwili chali. Mimi niliyeyaandika maneno yale nilikimbilia chooni nikafunga komeo! Programu imeondoka, nimeiona ikiondoka. Nani sasa anaandika? Nilikaa humo nikijiuliza kama Ijumaa kweli nilikuwa mimi.

Jumatano, 8 Mei

Usingizi hakuna. Mama watoto kaniuliza kwa nini nalala na viatu. Nikamwambia miguu ina baridi.

Fundi karudi. Nikampelekea chai nikasimama karibu, nikauliza kijinga, kama mtu asiye na haja. Kaeleza vizuri, lazima niseme. Programu ni mpangaji, kasema, na mipangilio yake ni mizigo. Mpangaji akihama, mizigo inabaki. Kila toleo lina chumba chake ndani ya mashine, chenye namba. La zamani lilikuwa chumba cha kumi na mbili. Jipya ni cha kumi na sita, na likiingia linapita kwenye vyumba vya nyuma kuokota vya kuokota. Ila karatasi mama haikai chumbani kabisa. Iko ukumbini, kwenye folda iliyofichwa chini ya jina la mtumiaji, na kila toleo linapita hapohapo. Kasema hataigusa mpaka Wakili aseme.

Nikamwuliza vyumba vya katikati. Akahesabu: kumi na mbili, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita.

Nikasema, dada, umeruka kumi na tatu.

"Hakipo, mzee," kasema, anapuliza chai. "Waliotengeneza waliiruka. Wanaiogopa ile namba."

Wanaiogopa! Watu waliotengeneza mashine yenyewe, wamesoma hadi macho yamekwisha, kuna chumba hawaingii! Nami nimekaa mbele yake nikaandika NAKUONA. Na kama kuna kitu mle ndani kilidhani naongea nacho?

Nyumbani mama mkwe kaniambia nimekonda shingo. Kasema nikianza kukaa naye nitanenepa.

Alhamisi, 9 Mei

Leo nimevamia. Saa ya chakula, ofisi tupu, mimi na ile mashine. Jana nilisimama na birika nyuma ya fundi, nikaona alivyofungua vilivyofichwa. Jicho langu likiona kitu limekula.

Nikaanza na vyumba, nisiache mzigo: nikaingia cha kumi na mbili. Nikafuta. Nikafungua karatasi: NAKUONA. Nikafuta cha kumi na nne. NAKUONA. Cha kumi na tano. Jasho linadondoka kwenye vitufe. Pale pa kumi na tatu nilipapita nimefumba macho. Mwisho nikafika ukumbini, nikaiona karatasi mama imekaa peke yake. Nikafuta.

Nikafungua karatasi mpya. Nyeupe! Nyeupe kama meno ya mtoto! Nilicheza kidogo. Kiuno changu bado kizuri.

Kisha nikaangalia vizuri. Jina la ofisi limeondoka. Nembo imeondoka. Namba za simu hakuna. Miwani karudi, kafungua, kakuta na majina yote ya wateja aliyoifundisha mashine miaka yote, isiyapigie mstari mwekundu, nayo hayapo; kumbe yalikuwa kwenye ile mizigo niliyofuta. Alivua miwani akalia polepole, na kesho asubuhi Wakili anapeleka hati mahakamani.

Nikampelekea chai. Bila sukari. Sheria ni sheria.

Wakili kasema fundi aje kesho mapema, ajue ni nani. Kasema akiniangalia mimi.

Ijumaa, 10 Mei

Nimevaa koti la harusi. Kama nafukuzwa nifukuzwe napendeza.

Fundi kaja na nakala. Kumbe Jumanne, kabla ya kugusa chochote, alinakili kila kitu. Akarudisha vyote mahali pake. Jina la ofisi likarudi, nembo ikarudi, Miwani akacheka. NAKUONA. ACHA nayo ikarudi. Fundi akayafuta yale maneno tu, kwa sekunde, kazi iliyonikondesha wiki nzima. Kisha kwa ile sauti yake ya sindano akasema karatasi hii inakumbuka siku na saa ilipohifadhiwa. Ijumaa iliyopita. Saa ya chakula.

Ofisi nzima ikanigeukia. Dereva akasogea nyuma hatua moja, rafiki yangu huyo.

Wakili akaniita chumbani kwake. Akafunga mlango. Akafunga na dirisha. Nikauona ule ungo wa mchele, nikakiona na kigoda. Nikafungua mdomo niseme yote, na shetani, na umri, na presha.

Yeye akawahi. Sauti ndogo, sijawahi kuisikia kwake.

"Vijiko viwili tu, mzee. Daktari amenikataza, na nyumbani binti yangu amefungia kila kitu. Uliniona lini?"

Nilikaa bila kuruhusiwa. Sukari yangu! Mama mzima, joho la mahakama mlangoni, na mkono ndani ya kopo langu! Sikuwa nimeona chochote maishani mwangu. Nikatazama dari kama mtu mwenye siri nzito.

"Mimi nimeona, mama, na nimenyamaza. Kuandika hata sijui. Mimi ni mtu wa trei."

Akasema ameacha. Akasema suala limekwisha. Akanipa mwaka wangu, akanisindikiza mpaka mlangoni, mimi, kwa koti la harusi.

Nyumbani nimekichukua kigoda nikakiweka juu ya kabati.

Jumatatu, 13 Mei

Tarehe kumi na tatu. Siiogopi. Waogope waliosoma.

Asubuhi nimefungua kopo. Sukari imepungua! Wakili aliniapia ameacha, na neno la wakili ni neno. Basi ni Miwani. Nilisema tangu mwanzo!

Saa ya chakula wametoka wote. Mashine iko wazi. Nimekaa, nimeandika: BADO NAKUONA. Imeniuliza kitu. Sikusoma. Nimebonyeza ndiyo.

Nikiri kimoja tu, maana kitabu ni changu na hakuna anayesoma. Vile vidole kumi nilivitia chumvi. Ni kidole kimoja, hiki cha kulia, na sentensi ile ilimaliza saa nzima ya chakula. Na herufi zinakaa wapi, siku za nyuma alinionyesha Miwani.