Nesi Akipiga, Sema Moja

Ijumaa, 1 Agosti
Msikitini tena, kwenye kiti cha plastiki, mwisho wa safu. Kando yangu Hajji Swabur na kiti chake. Ni sisi wawili tu. Mimi mgongo umeharibiwa na miaka ya kuendesha lori, yeye na magunia ya mahindi aliyobeba kabla hajatajirika. Wenzetu wakisujudu, sisi tunainamisha vichwa kama watu waliodondosha shilingi. Inaniuma kuliko mgongo wenyewe.

Kliniki ya maumivu ya Tororo ilituuliza kila mtu anataka kuweza jambo gani tena. Sote wawili tulisema kusujudu. Kliniki hiyo hailipwi kwa wingi wa vidonge inavyogawa. Inalipwa mgonjwa akiweza tena lile alilochagua. Kwa hiyo nesi Elinah hupiga simu kila Ijumaa jioni, anauliza maumivu ni namba ngapi, sifuri mpaka kumi.

Leo Swabur kajigamba mbele ya imamu kwamba yeye sasa ni tatu. Tatu! Mtu anayeguna akivaa viatu. Elinah alipopiga nikasema moja. Kweli ilikuwa saba. Alifurahi sana, maskini.

Jumatatu, 11 Agosti
Balaa. Nimekwenda mpaka Tororo kwa mazoezi yangu ya kila wiki, nikaambiwa nafasi yangu kapewa mama mmoja wa Dabani. Kompyuta inasema nimepata nafuu kubwa. Nirudi Novemba. Elinah akanipongeza mbele ya wagonjwa wote, wakapiga makofi. Nikapunga mkono kama mbunge.

Nimerudi Busia nimekalia tako moja. Mke wangu Rukiyah kaniuliza huyo aliyepona ni nani, na yuko wapi.

Alhamisi, 14 Agosti
Mpango mpya. Nimempigia Elinah mwenyewe, nikasema kumi. Akashtuka, akaanza maswali. Miguu imekufa ganzi? Nikaona ndiyo nyingi zitanirudishia nafasi upesi. Ndiyo. Haja ndogo inatoka yenyewe? Ndiyo. Homa? Kali sana.

Kumbe hayo ni maswali ya kuamua kama watume ambulensi. Ikaja na king'ora, watu wanatoka kusali adhuhuri. Nikabebwa kwa machela mbele ya mtaa mzima. Swabur akainua mikono akaniombea dua kwa sauti. Habari ya haja ndogo sijui aliipata wapi, maana nayo aliiingiza kwenye dua.

Daktari Akurut kanipima kuanzia shingo mpaka vidole vya miguu. Hakunifokea. Heri angenifokea. Kasema hawezi kuingia ndani ya mgongo wangu, ana namba zangu tu. Nikisema moja, anaamini zoezi langu limefaa, anawapa na wengine. Na kweli keshampa mgonjwa mwingine wa Busia mwenye mgongo kama wangu. Kisha akanirudishia nafasi yangu. Nikaapa kusema kweli. Machozi yalinitoka, na hayo hayakuwa sehemu ya mpango wowote.

Ijumaa, 5 Septemba
Swabur kasujudu. Kaanza polepole, magoti, viganja, halafu paji la uso chini kama kijana. Nikalitambua zoezi. Ni langu! Mgonjwa mwingine wa Busia ni yeye. Uongo wangu umempandisha yeye na kuniacha mimi kwenye kiti. Nimeona wivu ndani ya nyumba ya Mungu, siwezi kuficha.

Baada ya sala akaja kukaa kwenye kiti chake cha zamani, karibu nami. Akasema, "Hata wewe utashuka, ndugu yangu. Mimi nakungoja hapo chini." Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Jioni nikamwambia Elinah sita. Na kweli ilikuwa sita.

Ijumaa, 26 Septemba
Nimesujudu! Nyumbani, mlango umefungwa, shahidi ni Rukiyah peke yake. Paji la uso limegusa mkeka. Nilikuwa nimesahau harufu ya mkeka. Nikalia pale pale chini, Rukiyah naye akalia.

Kisha nikataka kuinuka, mgongo ukakataa. Nikajaribu tena, ukakataa kabisa. Simu ikaita. Elinah. Rukiyah akaniwekea sikioni, nami paji bado liko chini. Nikamwambia nimesujudu. Akapiga kelele za furaha, akawaita wenzake wasikie. Halafu akauliza maumivu ni namba ngapi.

Ilikuwa nane, pengine tisa. Wallahi nilifungua mdomo niseme nane. Mara nikasikia hodi. Swabur, kaja kunijulia hali, kasimama mlangoni.

Nikasema sifuri, kwa sauti ya kufika nje.