Nimepeleka Baba Mwingine Kliniki

Rasoa rafiki yangu, leo nimeaibika. Tangu uhame Langas sina wa kuambia, basi nakuandikia.

Unamjua Nekesa, bibi ya mwanangu Wafula. Mimba mbili zimetoka. Mimi nimekuwa nikimchemshia mizizi na kumlaumu (ndiyo, nimemlaumu). Juzi alisema kliniki wakimwambia kosa ni lake, anarudi kwao. Mzee wangu Barasa hasikii vizuri, na Wafula haonekani, yuko Kapseret kwa ng'ombe za watu. Nekesa akienda nitaongea na kuku.

Jana akaniambia, macho chini, "Mama, sista wa kliniki anasema nije na baba."

Sasa, kwetu Baba ni mmoja. Asubuhi nikapiga koti ya Barasa pasi. Akaweka beji ya chama, akidhani ni baraza. Nekesa alipomwona akashtuka, lakini angesema nini mbele ya baba mkwe? Akatufuata kwa mbali.

Kliniki benchi ilikuwa moja, na wewe unajua kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawakai benchi moja. Barasa akasimama mlangoni kama askari. Kwa benchi kulikuwa na Wanjiru wa duka na Jerotich (midomo yao haifungi).

Sista akatoka na kadi. "Baba amekuja?"

"Huyu hapa," nikasema kwa sauti.

Akamtazama sana, akapaza sauti. "Mzee, unakunywa? Unavuta?"

"Niliacha."

"Vizuri. Na mnataka mtoto lini?"

Barasa akanigeukia. "Mama Wafula, umewaambia nini hawa? Mimi nilimaliza."

Wanjiru akamwangukia Jerotich kwa kicheko. Nekesa akajifunika leso, akatoka mbio.

Sista akanivuta kando. "Mama, nilitaka bwana yake." Akanieleza kwamba pombe ya chang'aa na sigara za Wafula, na dawa ya kupe ile anapulizia ng'ombe huko Kapseret bila kujikinga, zinaweza kuharibu mbegu ya mwanaume. Mimba inaweza kutoka, ama mtoto azaliwe dhaifu. Aache hayo yote miezi mitatu hivi kabla hawajajaribu tena.

"Na hiyo mizizi unampa msichana ya nini?" akauliza.

Nikafunga leso yangu nikatoka.

Nikampata Nekesa nje kwa ua. "Nisamehe, mama," nikamwambia. "Nilikuwa nachemshia mtu asiye mgonjwa."

Akajifuta uso kwa leso. Halafu akasema atakaa, lakini Wafula nimwambie mimi mwenyewe.

Sasa namngoja, Rasoa, na sijui mama anaanzia wapi kumwambia mwanaume mwenye ndevu habari ya mbegu yake. Ukicheka, chekea huko huko.