Kuku wa Kumkomboa Bibi wa Kwenye Video

Hapana, hawakumpiga. Nani kawaambia alipigwa? Celestini alitoka Murusagamba bila hata mkwaruzo, tena ameshiba. Ninyi mnaanza hadithi mkiani. Kaeni vizuri.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano, wakimbizi wamejaa Ngara, malori ya msaada yanapita mpaka migomba imekuwa myekundu kwa vumbi. Celestini huyo, kijana wa Nyamiaga, mdomo kama umepakwa asali, akashuka Murusagamba kwenye lori la ndizi na televisheni, deki ya video na jenereta. Jenereta lenyewe la baba mkwe wake. Mkwe alisema neno moja tu: "Jumapili liwe hapa." Na mnajua, mkwe ni mtu wa kumkwepa njiani hata kama hujamkosea. Ukimpotezea jenereta, heri ukaishi na simba wa Burigi.

Mkanda alikuwa nao mmoja. Majambazi wameingia benki, wamewashika watu mateka, na kati yao bibi mmoja mwenye miwani. Celestini anatafsiri. Kiingereza alikijua kama mbuzi anavyokijua, lakini nani angemkagua? Stoo ya Gidioni imejaa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Jambazi akamwekea bibi bastola kichwani.

"Mwacheni mama wa watu!" Mama Domisiana akapiga ukunga.

Mzee Ntirampeba, aliyevuka kutoka Burundi na watoto wake, akauliza polepole, "Hao watu, tangu wafungiwe, wamekula?"

Celestini akageuka. Akaona watu wazima wanafuta machozi. Mwizi wa kawaida anatafuta mfuko wako. Celestini alitafuta huruma yako, na huruma haina kifungo.

Jambazi kwenye kioo akafungua mdomo. Celestini akatafsiri haraka: "Anasema hamwachii bibi mpaka watu wa Murusagamba watoe fidia!"

"Sisi?" Gidioni akaruka. "Katujuaje?"

"Ana wapelelezi mpaka Nyakisasa, mzee wangu. Anataka kuku. Asiye na kuku, maharage. Kesho baada ya misa tutaona kama bibi anapona."

Akazima jenereta hapo hapo. Alikuwa na sababu. Baada ya bastola ile filamu haikuwa na mwisho. Mtu alikuwa amerekodi juu yake arusi ya Biharamulo. Basi hesabu yake ilikuwa hivi: watu wakiwa misani, yeye yuko juu ya lori.

Msiwaone wajinga. Gidioni alisema wazi ni uongo, akaleta jogoo. "Na kama ni kweli?" akasema. Ntirampeba hakuwa na kuku. Alileta kopo la mafuta ya kula ya msaada, lile la watoto wake, la mwezi mzima. Celestini akalipokea kwa mikono miwili kama padre anapokea sadaka. Hapo ndipo Mama Domisiana alipomtazama mara ya pili.

Jumapili kengele ikalia, kijiji kikaenda. Celestini akafunga kuku miguu, akashona magunia, akarudi stoo kuchukua jenereta. Akamkuta Mama Domisiana amelikalia, anachambua maharage. Kifuniko cha tangi kiko wazi. Mkononi ana jagi la maji.

"Shikamoo, mama. Hukwenda misa?"

"Marahaba. Simama hapo hapo. Ukisogea, namwaga."

"Mama! Maji kwenye petroli! Litakufa!"

"Si ndivyo inavyofanywa? Mwalimu ni wewe."

Celestini akaanza kutoka jasho. Akilini alimwona mkwe wake kabisa, amesimama mlangoni. "Unataka nini, mama yangu?"

"Mwachie bibi."

Alipiga magoti, akakiri: mkanda umeharibika, mbele kuna arusi tu. "Tutaiona hiyo arusi," mama akasema, na jagi halikutikisika mpaka misa ilipoisha na stoo ikajaa.

Jenereta likanguruma. Bastola, kichwa cha bibi, kioo kikachafuka, halafu ghafla watu wamevaa suti, wananawa mikono, sinia za pilau zinapita.

Watu wakasogelea kioo.

"Mbona hawafanani?" Gidioni akauliza. Celestini akafumba macho.

Ntirampeba akasimama. "Mtu akitoka kifungoni hafanani na alivyoingia," akasema. "Mimi nimeona. Angalieni wanavyokula. Hao wametoka."

Mama Domisiana anaijua arusi akiiona. Alimtazama mzee, akatazama kioo. "Wametoka," akasema, akapiga kigelegele, na stoo nzima ikapokea.

"Sasa," mama akaendelea, "aliyetoka kifungoni huwa hali peke yake. Tunakula naye. Celestini, lete kuku."

"Lakini mama, ile ni fidia..."

"Ya nani? Jambazi yuko wapi? Au ni wewe?"

Celestini akaangalia jagi. "Si mimi."

"Basi hao kuku hawana mwenyewe."

Kopo la mafuta Celestini alilirudisha kwa Ntirampeba bila kufunguliwa. Kuku walichinjwa wote kumi na tisa, na Celestini aliwanyonyoa mpaka vidole vikavimba. Lori la ndizi lilipopiga honi, dereva alisikia harufu, akazima injini mwenyewe.

Chakula kikaiva jua bado liko juu. Celestini amesimama pembeni karibu na jenereta lake, anasubiri afukuzwe. Ntirampeba akasogea kwenye mkeka, akapigapiga nafasi.

"Njoo ukae, mwanangu. Na wewe leo umeachiwa."

Akanawa mikono, akakaa. Dereva akakaa, Gidioni akakaa, na mwisho kabisa Mama Domisiana akaweka jagi chini, akakaa, wakala.