Mkono wa Kushoto Usijue

Jumatatu, Machi 10
Jana Mchungaji Kirsten alipitisha kikapu cha vikaratasi kanisani. Kila mtu achomoe andiko moja, alifuate juma zima, na Jumapili mmoja wetu atasimama kutoa tafakari. Mwaka jana alisimama Lowell Stenerud. Watu walilia. Hata mke wangu Ardis alilia, naye hakulia siku ya harusi yetu. Mwaka huu nimeamua zamu ni yangu, ila Mchungaji na wenzangu bado hawajaambiwa.

Nimepata andiko la kutenda wema kwa siri, hata mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia. Mkosi gani huu? Wema usiojulikana nitausimuliaje? Ardis akasema, "Ndiyo maana yake hasa, mume wangu." Hana msaada.

Nimefikiri. Nitatenda kwa siri. Nikifumaniwa, si kosa langu.

Jumanne, Machi 11
Theluji hadi magotini. Alfajiri nilikuwa nyumbani kwa Mama Borghild, mjane wa mtaa wa pili, na koleo langu. Nilivaa kofia ya kuwindia, ya rangi ya chungwa, ijulikanayo mji mzima. Nikazoa theluji kutoka barazani hadi barabarani. Hakupita mtu. Nikakohoa. Nikazoa tena palipokwisha kuwa safi, polepole. Akapita mbwa. Mgongo umekwisha.

Jumatano, Machi 12
Chakula cha Kwaresima kanisani, supu ya njegere. Mama Borghild akasimama, akasema kuna mtu kamsafishia njia bila kujitangaza, na kwa unyenyekevu huo hawezi kuwa mwingine ila Lowell. Makofi. Lowell akakana. Alivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kumpenda. Nikala mabakuli matatu. Ardis aliinamia bakuli lake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Alhamisi, Machi 13
Nimemwandikia Mama Borghild barua isiyo na jina. Aliyezoa theluji si Lowell. Ni mwingine, mrefu kidogo, mwenye sauti nzuri ya kusoma mbele za watu.

Ijumaa, Machi 14
Barua imefika. Mama Borghild anaonyesha kila mtu. Anasema ni Lowell huyo huyo, anajificha. Amempikia pai ya tufaha.

Jioni Lowell akabisha hodi, nusu ya pai mkononi. Akasema hii ni haki yangu, kwani siku ile aliniona nikizoa, akiwa dirishani kwake. "Halafu, Orville, nikuambie kweli. Mimi nilipata andiko la kumpenda adui. Nikatafuta adui mji mzima, nikakosa. Nikaona wewe ndiwe unayekaribia kuwa adui."

Akajitolea kuwaambia watu ukweli Jumapili. Nikasema hapana, ndugu yangu, acha tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kubembelezwa. Akasema sawa, akaenda zake.

Pai tamu. Inauma.

Jumapili, Machi 16
Amesimama Lowell. Alizungumzia jirani mgumu ambaye Bwana amemfundisha kumpenda. Hakutaja jina. Kanisa zima likageuka kunitazama.

Baadaye Mama Borghild akanishika mkono. Akaniambia tangu marehemu mumewe afariki Novemba, asubuhi humtisha. Jumanne alifungua mlango akitarajia ukuta wa theluji, akakuta njia. Akakaa kitini akalia, kwa kuwa kumbe hajasahauliwa. "Mwambie Lowell," akasema, "mimi nikimwambia anabisha."

Maneno yalinifika kooni. Yangetosha matatu tu: ni mimi, mama. Nikamtazama usoni alivyofurahi. Nikasema, "Nitamwambia."

Nikaenda garini nimejaa kitu nisichokijua, chepesi, cha joto. Ardis akaniuliza nina nini. Nikawasha gari. Kilidumu hadi kwenye kona ya posta, nilipokumbuka kwamba watu walisimama wote kumpigia Lowell makofi.

Jumatatu, Machi 17
Vikaratasi vipya. Langu linasema ukiomba, ingia chumbani mwako, ufunge mlango. Safi kabisa. Nimekagua kanisa. Chumba cha makoti kimepakana na meza ya kahawa, ukuta wake ni ubao mwembamba tu. Nikaingia, nikafunga mlango, nikamwombea Lowell kwa jina, na mapungufu yake moja moja. Nikatoka kumuuliza Ardis, aliyekuwa hapo mezani akiosha vikombe vya jana, kama amesikia chochote.

Akasema amesikia kila neno, na Mchungaji pia.

Jumapili nitaomba kwa sauti zaidi.