Mwalimu Klachi na Gari Lisilo na Klachi

*Sikizeni nawambia,*
*Habari za mwenye nia,*
*Gari alolipigia*
*Hesabu hadi majasho.*

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili, na enyi mliobakiwa na moja zima! Zimeni redio, lazeni simu kifudifudi, na yule anayetafuna kitu kigumu ameze kwanza, maana habari hii haivumilii kelele za meno. Wengine wamewaimba wafalme waliobomoa ngome na majemadari waliovuka majangwa juu ya farasi wenye kiu. Waache walale. Leo anasifiwa mtu aliyeingia duka la magari siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, akiwa na mke, kalamu na viatu vilivyopigwa rangi upya, akatoka saa saba mchana. Na baina ya saa hizo dunia ilitikisika, ingawa majirani wa duka wanashikilia kwamba hawakuhisi kitu.

Jina lake la vitani lilikuwa Mwalimu Klachi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amefundisha udereva, yeye Simba wa Gia ya Kwanza, Mtuliza Injini Zitetemekazo Mlimani, ambaye sikio lake lilitambua klachi iliyoachiwa kwa pupa hata gari likiwa mtaa wa pili. Wahasibu, wauguzi, mahakimu, na mkuu mmoja wa polisi ambaye hatutamtaja kwa sababu alilia, wote waliketi kando yake wakivuja jasho, wakainuka madereva. Farasi wake lilikuwa gari kuukuu lenye breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na juu ya paa lake kibao chekundu kilichoandikwa MWANAFUNZI. Wiki tatu kabla ya Jumamosi hiyo, gari hilo lilikata roho katikati ya mlima, mikononi mwa mfamasia aliyekuwa kwenye somo lake la nne. Makanika aliifungua gia boksi, akachungulia, akafunga, akavua kofia.

Basi shule ikabaki bila gari, sawa na kinyozi asiye na wembe. Wanafunzi kumi na wanne walikuwa wakingoja. Watatu walikuwa wamekwisha kukimbilia shule ya mtaa wa nyuma, ambayo mwenye shule alikuwa akitenda jambo ambalo Mwalimu Klachi aliliona baya kuliko wizi: alifundishia gari la umeme, lisilo na klachi, na watu walimpenda kwa hilo.

"Hao watatu walikwambia kwa nini wameondoka?" aliuliza mkewe, fundi wa sare za shule, mwanamke aliyezoea kuzungumza na pini tano mdomoni.

"Uvivu!"

"Wamesema hawataki kujifunza kitu ambacho hawatakitumia. Tena gharama ya umeme ni theluthi ya petroli. Nimepiga hesabu hapa, chini ya kiuno cha mlinzi wa shule." Akamwonyesha daftari lake la vipimo.

"Gari lisilo na klachi! Nitafundisha nini, mke wangu? Kukaa?"

"Fundisha kuendesha, baba. Ile ya kukanyaga na kuachia mimi naifanya kwenye cherehani kila siku, na hakuna aliyeniita mwalimu."

Siku ya tatu shujaa akatoa akiba yake, mkewe akatoa yake, zikalingana nusu kwa nusu, zikafika milioni ishirini na tano. Hilo ndilo lililokuwa jeshi lote. Halikuwa na askari wa akiba.

Dukani walipokewa na dada wa mauzo, mwenye suti ya buluu iliyonyooka na tableti iliyong'aa kama ngao.

"Karibuni sana, mzee wangu. Karibu, mama."

*Mzee.* Mshale wa kwanza ukaingia, lakini shujaa hakuanguka. Alikuwa amekwisha kuliona gari. Lilisimama juu ya vigae vyeupe, jeupe nalo, kimya, na ukimya wake ulimtia hofu ambayo hakuwahi kuipata hata alipomfundisha mtu mwenye miwani iliyovunjika. Akapiga magoti nyuma yake.

"Bomba la moshi liko wapi?"

"Halina, mzee."

Akaenda mbele, akaomba boneti ifunguliwe. Ndani mlikuwa na kisanduku kitupu, safi, cha kuwekea mabegi.

"Dada yangu," akasema kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba, "injini yenu imeibiwa."

"Mota iko chini, mzee. Hapo ni pa mizigo."

Hapo Mwalimu Klachi alirudi nyuma hatua tatu, akainua mkono, akalihutubia gari mbele ya wateja wengine wawili na mfagiaji. "Ewe kiumbe usiye na bomba wala ngurumo! Wewe usiyejua baridi ya asubuhi wala kusukumwa na watu wanne! Umekuja kuniambia kwamba mguu wangu wa kushoto, uliolisha watoto wangu na kulipa ada zao, hauna kazi tena duniani? Nijibu!"

"Uliza bei kwanza," mkewe akasema. "Matusi baadaye."

Gari halikujibu, ila bei ilijibu. Aina ya Fahari, iliyosimama pale mbele yao, ilikuwa milioni thelathini na moja. Ile ya Kawaida, iliyosimama nyuma kwa haya karibu na mlango wa choo, ilikuwa ishirini na sita.

Ndipo vita vya sifa vikaanza. Dada wa mauzo alirusha sifa za Fahari moja baada ya nyingine, na kila moja ilitua. Paa la kioo! Mwalimu Klachi akatazama juu, akaona dari ya duka na feni yake, akaona kwamba ni nzuri mno. Viti vinavyokanda mgongo! Akaketi, kiti kikamkanda, na pale pale baadhi ya imani zake za miaka mingi zikaanza kulegea. Sauti ya kike inayoitikia ukiiamuru! Akaiamuru ifungue dirisha, ikafungua. Akaiamuru ifunge, ikafunga bila kunung'unika. Akageuka kumtazama mkewe kwa jicho ambalo mkewe hakulipenda.

"Halafu linatembea kilomita mia nne na themanini kwa chaji moja," dada akaongeza. "Ile ya Kawaida ni mia tatu tu."

"Mia nne na themanini!" akanong'ona shujaa, ameshazama hadi shingoni.

"Baba," mkewe akasema, "mwanafunzi wako gani amewahi kufika kilomita mia nne? Wengi hawafiki getini. Wanane kwa siku, kila mmoja kilomita kumi na tano, wakijitahidi. Hiyo ni mia na ishirini. Jioni tunachomeka plagi, tunalala."

Upanga huo ulikata kilomita mia moja na themanini kwa pigo moja. Lakini Fahari haikufa hapo. Iliuawa na mwenye kuiuza.

"Na hili mzee utalipenda. Linapaki lenyewe! Unashuka, unabonyeza, linarudi nyuma lenyewe mpaka kwenye mistari."

Mwalimu Klachi akashuka kitini. Kurudi nyuma kati ya mapipa mawili lilikuwa somo la tisa, somo la heshima; watu wazima walikuwa wameliota na kuamka wakipiga kelele.

"Lenyewe?"

"Lenyewe, mzee."

"Kitoeni kitu hicho. Na bei yake iondoke nacho."

"Haviuzwi kimoja kimoja, mzee."

"Basi twende kwa huyu wa karibu na choo."

Hivyo ndivyo Kawaida ilivyopandishwa kutoka uchochoroni hadi kwenye historia. Ilikuwa na paa la bati, viti vilivyokaa kimya, na kamera ya nyuma inayoona bila kujidai. Udhamini wa betri ulikuwa miaka minane, na fundi wa duka angeifunga breki ya mwalimu ndani ya wiki moja bila malipo. Ilibaki milioni moja tu kati ya jeshi lao na ngome. Mwalimu Klachi akajiandaa kutoa hotuba ya pili, akakohoa, akanyoosha kola. Lakini mkewe, ambaye jicho lake lilikuwa limepitisha uzi kwenye matundu ya sindano maisha yote, alikuwa akisoma maandishi madogo chini kabisa ya karatasi ya bei.

"Dada, hiki kifurushi cha mapambo ni nini?"

"Ni taa za rangi saba za miguuni, mama, na mistari ya fedha milangoni."

"Miguuni wanatafuta nini, hadi wawashiwe taa?"

"Ni... kwa ajili ya mandhari, mama."

"Ibandueni hiyo mandhari."

Dada akabonyeza tableti, akampigia bosi wake, akasikiliza, akaguna, akabonyeza tena. Milioni ishirini na tano. Ngome ikaanguka! Mwalimu Klachi akachomoa kalamu kwa mkono wa mtu aliyeshinda peke yake.

"Hatujalijaribu," mkewe akasema.

Duka lilikuwa na uwanja nyuma, umezungushiwa ukuta. Dada wa mauzo akaketi kwenye usukani, shujaa kando yake, mkewe nyuma. Na hapo yakatokea yale ambayo hayamtokei mtu mwingine yeyote ila aliyekaa miaka ishirini na sita na breki yake mwenyewe chini ya mguu. Gari lilipoanza kwenda, mguu wake wa kulia ukashuka kwa kishindo juu ya zulia, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Du! Kona ya kwanza: du! "Kioo! Kioo cha pembeni!" Kona ya pili: du! du! "Ishara, dada, ishara! Unamgeukia nani kimyakimya hivyo?" Dada wa mauzo, mwenye leseni kwa miaka kumi, akarudi ameshika usukani kama mtu anayening'inia.

"Mzee," akasema akijipangusa, "nilidhani nimefeli."

"Ulikuwa umefeli."

Mkewe akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa dereva.

"Sasa mimi."

Wanahistoria watulie hapa. Miaka kumi na minane nyuma, shujaa alikuwa amejaribu kumfundisha mkewe. Siku ya tatu, katikati ya mzunguko wenye barabara tano, baada ya kuambiwa "klachi" mara arobaini, mwanamke huyo alifungua mlango, akachukua mkoba wake, akatembea hadi nyumbani. Hakugusa usukani tena. Kazi ya kupeleka sare mashuleni aliifanya kwa miguu, furushi kichwani, ilhali mumewe akifundisha mji mzima.

"Nusu ya gari hili ni yangu," akasema, "kwa hiyo nusu ya usukani pia. Nazungusha uwanja mara moja. Ukipiga kelele, ukigusa usukani, au nikausikia huo mguu wako hata mara moja, nusu yangu inarudi nyumbani kununua cherehani ya kudarizi. Nimeshaiona. Iko dirishani."

Mwalimu Klachi alimfahamu vizuri. Mwanamke huyu hakuwahi kutishia bure; mashahidi walikuwa madereva wa barabara tano. Bila nusu yake hapakuwa na gari, bila gari hapakuwa na shule, na bila shule yeye alikuwa mwanamume mmoja tu mwenye mguu mzito. Mdomo angeweza kuufumba. Mikono angeweza kuifumbata. Lakini mguu! Mguu haukuwa ukingoja amri yake. Ulikuwa na serikali yake.

Basi akafanya lile ambalo jemadari hulifanya jeshi lake likitaka kuasi. Akavua kiatu. Akaukunja mguu wa kulia, akauweka kitini, akaukalia kwa uzito wake wote, kilo tisini na mbili.

Gari likaondoka bila sauti. Kona ya kwanza mkewe hakutazama kioo. Mguu ukapiga teke chini ya mfalme wake, naye akaukandamiza. Kona ya pili hakutoa ishara. Jasho likamtiririka, meno yakasagana, jina la klachi likapanda kooni likakuta mlango umefungwa. Kisha ukaja ukuta. Ukuta ulikuja kwa kasi, mweupe, mrefu, una mfagiaji aliyeuegemea kwa mapumziko, naye mfagiaji akaacha kupumzika. Shujaa akafumba macho. Mguu ukarukaruka kama samaki kwenye kapu. Hakuuachia.

Mkewe akainua mguu wake kidogo tu, kama afanyavyo kwenye cherehani. Gari likajipunguza mwendo lenyewe, kama yafanyavyo ya umeme yakiachiwa, taratibu, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa, likakata kona, likarudi, likasimama kwenye mstari.

"Nimeendeshaje, Mwalimu?"

Ndani ya kifua cha Mwalimu Klachi yalisimama makosa kumi na moja, yamejipanga kwa namba, kila moja likiomba ruhusa ya kusema. Kioo. Ishara. Mikono. Ukuta! Hakuna mwanafunzi aliyewahi kufanya hata nusu yake akabaki ndani ya gari. Akayatazama moja moja. Akayameza yote, na koo lake likaonekana likifanya kazi hiyo.

"Umefaulu," akasema.

Enyi mliosikia, lichongeni neno hilo kwenye jiwe! Mahakimu walilipata kwa machozi, mkuu wa polisi aliliomba mara tatu. Huyu alilipata mara moja, baada ya kungoja miaka kumi na minane.

"Najua," mkewe akasema, akirekebisha kiti. "Dada, kaandae karatasi. Na wewe baba shuka, nizungushe tena. Unanizibia kioo."

Mwalimu Klachi akafungua mlango, akakanyaga chini, na mguu wake wa kulia, uliokufa ganzi hadi nyongani, ukakataa kumbeba. Akashikilia ukuta wa duka. Gari likaondoka bila yeye, halina klachi, halina moshi, limekosea ishara; naye akalifuata kwa macho akichechemea, kiatu mkononi, majeruhi pekee wa vita vile, na mshindi.