Gunia la Mama Kulwa Lililopungua Kuliko Sifuri

Jamani, leo nimeaibika, na hasira bado ninayo. Nawaandikia kutoka duka la intaneti hapa Mwanza. Vumbi la Bariadi limo masikioni, na dada wa dukani ameshanionya mara mbili kwa jinsi ninavyovipiga hivi vitufe.

Mnanijua mimi na safari. Mererani, Kahama, Mpanda, kote nimekaa mpaka nilipoanza kuzoewa. (Nikizoewa tu, miguu inawasha.) Kwenda Bariadi nilipanda treni kutoka Mpanda hadi Tabora, treni nyingine hadi Malampaka, kisha lori la chumvi, nimekaa juu ya mzigo kama mtawala. Siku nne! Mfukoni nilikuwa na ukurasa mmoja wa jedwali la hesabu, niliouchana kwenye kitabu cha kidato cha sita. Hesabu ndiyo kitu pekee nilichowahi kusifiwa. Ukurasa wenyewe ulikuwa umekwisha. Tarakimu zilifutika kwenye mikunjo, na kipande kingine nilikisokotea tumbaku Kahama. (Nakiri.)

Zamani pamba yote ilikwenda ushirika. Sasa ni soko huria, kila upande wa barabara una mizani. Upande mmoja nikamkuta meneja wa kampuni moja, kijana mwenye digrii na tai.

"Mzee, mchoro wa kengele unaujua?"

"Ninaujua? Nimelala nao kitanda kimoja!"

Nikaajiriwa ukarani.

Kazi ilikuwa hivi. Magunia ya kampuni yana ukubwa mmoja. Wastani wa uzito ni kilo arobaini, mtawanyiko kilo mbili. Ukiyachora yote unapata mlima laini kama kengele, na eneo lote chini yake ni moja, yaani asilimia mia. Ukitaka uwezekano wa gunia kufika uzito fulani au kuuzidi, tafuta eneo lililobaki kulia kwake. Amri ya kampuni: likibaki chini ya asilimia tano, pamba imelowekwa maji ili iwe nzito. Rudisha.

Leo asubuhi akaja Mama Kulwa, kutoka Zagayu, kwa mkokoteni wa ng'ombe.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Pima, ng'ombe wana kiu."

Kilo arobaini na tatu. Foleni ikasogea kutazama.

"Maji hayo," akasema Meneja.

"Yaya!" (Hiyo ni hapana ya Kisukuma, na aliitoa kwa kifua kizima.) "Maji niyatoe wapi, ng'ombe wenyewe hawajanywa? Nimelishindilia kwa miguu yangu. Hebu nitazameni!"

Tukamtazama. Alikuwa mama wa kutosha.

Gunia hilo likirudishwa, jina la mlowesha pamba lingetangulia kufika Zagayu kabla ya ng'ombe wake. Nikamwambia, "Mayu, usihofu. Mimi nimesoma." (Laiti ningenyamaza!)

Arobaini na tatu toa arobaini, tatu. Gawa kwa mbili, moja na nusu. Nikafungua kitabu cha majedwali cha Meneja, mstari wa 1.5: 0.9332. Sasa, mnamkumbuka mwalimu wetu wa kidato cha sita. Jedwali letu lilipima eneo kuanzia katikati ya mlima, kwa hiyo alituimbisha: ongeza nusu, ongeza nusu! Nikaongeza nusu. 1.4332. Nikaitoa kwenye moja, nikajaza fomu, nikasaini, (saini yangu ni nzuri sana) kisha nikasoma kwa sauti ya kiualimu:

"Uwezekano ni asilimia hasi arobaini na tatu!"



"Karani," akauliza Mama Kulwa, "hasi ndiyo nini?"

"Ni... chini ya sifuri."

"Yaani gunia langu halipo?"

Nikainamia fomu yangu.

"Mbona limekukalia mguu?"

Kweli lilikuwa limenikalia mguu. Foleni nzima ikaangua kicheko. Kuna baba alilazimika kukaa chini.

Nikatazama mstari wa kwanza wa jedwali. Letu la shule lilianza na 0.0000. Hili lilianza na 0.5000. Nusu ilikuwa imo tayari! Jibu la kweli ni 0.0668, karibu magunia saba kati ya mia, bila tone la maji.

"Bosi, nimekosea! Ni zaidi ya tano. Linapita."

"Mzee, hasi arobaini na tatu iko chini ya tano, haiko?"

"Iko, lakini uwezekano hauwi hasi!"

"Umesaini. Fomu haifutwi."

"Basi ingiza mkono uone kama kuna maji!"

"Kampuni haitumii mkono. Inatumia jedwali."

Alijua! Mtu mwenye digrii, alijua kabisa ni upuuzi, nikaona mdomo wake unajizuia kucheka. Damu ikanipanda. Nikalibeba lile gunia mgongoni (mgongo wa miaka arobaini na sita, mnisamehe) nikavuka nalo barabara.

Mnunuzi wa upande wa pili alikuwa mzee mwenye kandambili. Aliingiza mkono hadi kwapani, akatoa pamba, akaipuliza. Ikapeperuka.

"Kavu. Na umeshindilia kweli, mama."

Basi, akalinunua. Hesabu imekwisha.

Mama Kulwa akakaza kanga yake. "Karani, asante kwa mgongo."

Mgongo! Miaka yote ile ya shule!

Nilirudi kuchukua begi langu. Meneja aliniita mara tatu, sikugeuka. Nikapanda basi la Mwanza, na Bariadi ndiyo nimeaga moja kwa moja.

Kabla hujaongeza nusu, tazama mstari wa kwanza. Na wewe uliyekaa dawati moja na mimi, uliyeimba "ongeza nusu" kwa sauti kushinda darasa zima, usithubutu kucheka.