Tembo la Vitumbua na Funguo za Faili za Siri

Ngamiani, Tanga
14 Machi, 1956

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako, nami naahidi sitamtukana mtu asiyestahili.

Mimi ni karani wa serikali, mwaka wa kumi na saba huu. Ofisi yangu siitaji, kwa kuwa mimi ni mtu wa kutunza siri, na hilo ndilo shauri lenyewe. Mwezi uliopita niliomba kazi ya kutunza chumba cha faili za siri. Nimenyimwa, eti mimi ni mlevi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alitumwa askari kanzu, Luka, aje anichunguze. Alikaa asubuhi tatu barazani kwa fundi cherehani, kavaa kanzu mpya na viatu vya polisi, hata watoto wakipita wakimwambia, "Shikamoo, afande!" Akaandika kwamba ameniona nikitoka kwa mgema na chupa ya tembo. Kweli tupu. Lakini hakunifuata mpaka jikoni. Mke wangu, Asmahani, anapika vitumbua vya kuuza, na nani pwani hii asiyejua kwamba unga wa vitumbua huumuliwa kwa tembo? Likishapita motoni, ulevi uko wapi?

2. Ikiwa ulevi umo ndani ya kitumbua, basi ofisi nzima ni walevi. Bwana Mkubwa mwenyewe hula vitano kila saa nne, kisha hutia sahihi. Nadai sahihi zote alizotia baada ya saa nne tangu mwaka 1951 zibatilishwe, na waliofungwa kwa sahihi hizo waachiwe leo.

3. Kazi amepewa karani mwenzangu, Ernesti, ambaye hanywi ila chai. Sina ugomvi na chai. Lakini Ernesti akinywa kikombe kimoja husema kuliko aliyemaliza mtungi. Ni yeye aliyenisomea ripoti ya siri ya Luka juu yangu, mstari kwa mstari, dirishani, mbele ya watu waliokuja kulipia leseni za baiskeli. Bibi mmoja akashika kiuno: "Haa! Bwana Mselem, kumbe nawe umo!"

4. Nimesoma tarikhi za dola nyingi, za Waarabu na za Wazungu. Sikuona ngome iliyotekwa kwa sababu ya kitumbua. Zilitekwa kwa sababu ya watu wenye koo kavu walioaminiwa funguo.

Kwa hiyo nataka funguo nipewe mimi, Luka apewe makubadhi avae badala ya viatu vya polisi, na uchunguzi urudiwe jikoni kwangu, mbele ya shahidi ambaye sijapata kumsikia akisema uwongo, yaani mke wangu.

Wasalimie wapanga herufi wako, na wasomaji wote wa Muheza na Pangani wanaokula vitumbua bila hofu.

Ni mimi, mwenye akili timamu,
Mselem bin Zubeiri

Baada ya sahihi: Nimemsomea Asmahani barua hii, apate kujua ushahidi wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba tangu Ramadhani iliyopita anaumua unga kwa hamira ya dukani, na anauliza ile chupa ya kila asubuhi huwa inakwenda wapi. Tafadhali usiichape barua hii. Ikiwa umekwisha kuichapa, basi habari ya hamira na iwe siri baina yangu na wewe.